Ufa na Kalamu Pembeni

Mimi ni mkaguzi wa majengo, na kabla hujanihukumu naomba ujue kwamba nililia kwa sababu ya skrubu moja. Kishikio cha ngazi kwenye ghala fulani kilitakiwa kiwe na skrubu nane, kikawa na saba. Nikakaa kwenye ngazi ya tatu, kofia ngumu kichwani, nikalia mpaka mwenye ghala akaniletea kiti, kisha maji, kisha ile skrubu.

Daktari akasema nimechoshwa na kazi mpaka kwenye mfupa. Akaniuliza mara ya mwisho nilicheka lini. Nikamwambia dari yake ina doa la maji pale juu ya kiti chake, na kwamba mimi ningekuwa yeye nisingekaa hapo. Akaandika kitu kirefu kwenye faili langu. Nikapewa likizo ya wiki sita, matembezi kila siku, na kazi moja ya kufanya: nitembee na kamera, nipige picha kumi za vitu vinavyonipendeza, nimletee Jumatatu ya mwisho. Zikimridhisha, nitasaini fomu ya kurudi kazini. Zisipomridhisha, mwezi mwingine.

Na kurudi nilikutaka kwa udi na uvumba, maana meza yangu alikuwa ameikalia Sawasawa. Ofisini tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukagua jengo lisilokuwa sawa. Ukuta umeinama, sawa. Mlango wa dharura unafungukia shimoni, sawa, mradi unafunguka. Kila asubuhi niliamka roho juu nikiwaza mhuri wangu mkononi mwake.

Jumapili ya mwisho ilinikuta sina hata picha moja. Mama mkwe akakata kauli: familia nzima tunapanda hekaluni. Hekalu liko juu ya kilima nyuma ya mtaa wetu, ngazi mia moja na kumi na mbili, na yeye hupanda kila Jumapili kuomba dua na kuwasema majirani, si lazima kwa mpangilio huo. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mume wangu ambaye ni kinyozi, na wifi yangu, mwalimu wa chekechea, ambaye huzungumza na kila mtu kana kwamba ana miaka minne. Kamera ilikuwa yake. Alinivalisha mkanda shingoni akanikumbusha kwamba tunashika kwa mikono miwili na hatukimbii nayo.

Mume wangu alibeba chupa ya chai na vichekesho. Huyu mtu husikia vichekesho kutwa nzima kutoka kwa wateja, na kwa miezi minne alikuwa akiniletea nyumbani kimoja kila jioni, kile bora kuliko vyote. Ananisimulia, ananitazama usoni, anasubiri nicheke, kisha anakwenda kukunja nguo. Hilo liliniuma kuliko Sawasawa, ila sikuwa nimemwambia.

Nikaanza kupiga picha. Nilijitahidi, nakuapia. Nilitazama maua nikaona chungu chake kimepasuka. Nilitazama nguzo zilizochongwa nikaona plasta imebanduka chini. Na kila nilipoona kitu, mkono wangu ulienda wenyewe mfukoni, ukatoa kalamu, ukaiweka pembeni ya kitu hicho. Ndivyo tunavyofanya kazini: ukipiga picha ya ufa unaweka kalamu pembeni, ili atakayeitazama ajue ufa una ukubwa gani. Kalamu ile ilikuwa na miaka kumi na moja mfukoni mwangu. Urefu wake ni milimita mia moja arobaini na tatu, kama umeniuliza.

Kwenye ngazi ya themanini mama mkwe akapumzika, akidai ni sisi tuliochoka. Wifi akaichukua kamera tutazame kazi yangu.

"Hii ni nini, wifi?"

"Ufa."

"Na hii?"

"Ufa mwingine."

"Na hii?"

"Ule wa kwanza, kwa karibu."

Akaendelea kwa subira ya watu wa chekechea. Picha ya saba ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe, kasimama mbele ya lango la chini, kofia kichwani, mikono kiunoni, na kalamu yangu imesimamishwa begani mwake. Mama mkwe akavaa miwani akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nina ufa?"

Nikamweleza kwamba kalamu ni ya kipimo tu. Halafu, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikaongeza kwamba kwa kweli ameegemea kushoto kidogo, digrii tatu hivi, lakini si hatari. Mume wangu akageuka kutazama miti. Mimi nikahesabu: picha saba, zote za kunifukuzisha kwa daktari, na zimebaki tatu.

Kumbe kuna mtu alikuwa anatutazama. Mtunza hekalu, bwana mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni na daftari kwapani, alikuwa ameniona tangu ngazi ya kumi. Mwanamke, kamera, kalamu kwenye ufa. Akajumlisha akapata jibu. Akashuka mbio, akanisalimia mara mbili, akasema angejua ukaguzi ni leo angekuwa amefagia.

Nikamwambia siko kazini. Akasema ameelewa, akanikonyeza. Nikamwambia niko likizo, mimi ni mgonjwa. Wifi akathibitisha, polepole na kwa sauti kubwa, kwamba leo sisi tunapumzika. Haikusaidia kitu. Bwana yule akafungua daftari akaanza kuungama. Mfereji wa paa upande wa mashariki umeziba tangu mwaka jana. Vigae kumi na tisa vimelegea, na alivijua kimoja kimoja. Kengele ni nzima, lakini yeye huenda kuihakikisha mara sita kwa siku. Kisha akanipandisha hadi juu, akanipeleka nyuma ya jengo kunionyesha ufa ambao sikuwa nimeuona, na lazima niseme ukweli, ulikuwa ufa wa haja. Tukachuchumaa wote wawili. Nikaweka kalamu, nikapiga picha ya nane. Nilijisikia niko nyumbani.

Tulipokuwa bado tumechuchumaa, akaniambia kwamba ana miezi kumi na moja hajapumzika hata siku moja, maana akiondoka nani ataangalia. Na kwamba wiki iliyopita amelia kwa sababu ya ufagio.

"Ufagio ulifanya nini?" nikauliza.

"Ulivunjika mpini. Mpini tu, kule chini ulikuwa mzima."

Nikamsimulia habari ya skrubu. Akatikisa kichwa kwa uchungu, akaniuliza ilikuwa ya saizi gani. Nikamwambia. Akasema hizo ndizo zinazopotea.

"Na hapa hekaluni," nikamwuliza, "wewe unapenda nini?"

Akafungua mdomo. Akatazama paa, akatazama mfereji, akatazama vigae. Nikamwona anatafuta kweli kweli.

"Zamani nilikuwa napapenda," akasema.

Nikajisikia vibaya sana. Nilikuwa najitazama mwenyewe, nimefungwa funguo kiunoni.

Hapo mama mkwe akatufikia, akasema amechoka kutazama watu wanaotazama kuta. Tukae pale kwenye benchi, mimi na bwana wa mfereji, atupige picha yeye. Akaninyang'anya kamera. Akatupanga robo saa nzima: kidevu juu, sogeeni, cheka wewe, si hivyo, hivyo unatisha. Akabofya. Wifi akageuza kamera tutazame. Mama mkwe alikuwa ameishika nyuma mbele, na picha ya tisa ilikuwa pua yake. Pua tupu, matundu yote mawili, imejaa kutoka pembe hadi pembe.

Akavaa miwani. Akaitazama bila aibu hata kidogo.

"Sasa hapa kalamu iko wapi?" akauliza. "Watu watajuaje ukubwa wake?"

Sijui ilitokea wapi. Ilianza kama kwikwi, ikapanda, ikanikunja katikati, nikajikuta nimeshikilia benchi nisianguke. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikinyamaza namwona mama mkwe ananyoosha pua yake ionekane vizuri, naanza upya. Mtunza hekalu naye alicheka, na funguo zake zote zikawa zinacheka. Nilipoinua macho nikamwona mume wangu amesimama na kikombe. Chai ilikuwa inamwagikia kiatuni na hakuwa na habari. Ananitazama tu, machozi yanamtoka, na hakuna hata kichekesho kimoja alichokuwa amesimulia. Nikanyakua kamera nikampiga picha. Hiyo ndiyo ya kumi.

Tulipotulia, mama mkwe akaniamuru nimkague na huyu bwana, maana anaonekana kuchakaa kuliko jengo. Nikachukua daftari lake, nikaandika chini ya vigae kumi na tisa: "Nimemkagua mtunza hekalu. Ana nyufa. Apumzike wiki mbili." Nikasaini kwa cheo changu chote, nikalifunga daftari, nikamrudishia. Akalipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu nilimkuta daktari amehamishia kiti chake pembeni, mbali na doa la dari. Akapitia picha moja moja, na kwenye pua alikohoa sana. Kwenye ya mwisho akasimama.

"Hii haina kalamu."

"Haina."

"Ni nini?"

"Mume wangu."

"Ana ukubwa gani?"

"Sijui," nikasema. "Sikumpima."

Akatabasamu, akanisogezea fomu ya kurudi kazini. Nilichokililia wiki sita kilikuwa hapo mezani, kinasubiri saini yangu. Nikatia mkono mfukoni. Hakuna kitu. Nikatafuta mfuko mwingine, nikatafuta pochi, ndipo nikakumbuka lile daftari nililolifunga. Kalamu yangu imelala hekaluni.

Kilichonishtua si hicho. Kilichonishtua ni kwamba sikuwa nimeitafuta. Tulishuka ngazi zote zile, tukapika, tukala, mume wangu akasimulia kichekesho cha mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi, nikacheka, nikalala, nikaamka, na mkono wangu haukwenda mfukoni hata mara moja. Nikamfikiria Sawasawa na mhuri wangu, nikasubiri roho ipande juu. Ilipanda, lakini si sana.

Daktari alikuwa ameninyooshea kalamu yake. Nikamwambia ukweli, kwamba nina siku moja tu nzuri ndani ya miezi minne, na ningependa kupata nyingine kabla sijaona ufa wa mtu. Nikamwomba fomu ya pili, ile ya kuongeza likizo. Nikasaini mwezi mzima, nikamrudishia kalamu yake.

Jumapili iliyofuata tulipanda tena wote wanne. Mtunza hekalu hakuwepo. Langoni alikuwa amebandika karatasi: "Nimepumzika kwa amri ya mkaguzi. Funguo anazo binamu yangu. Kengele ni nzima." Na pembeni ya karatasi, kwa uzi, alikuwa ameitundika kalamu yangu.

Mume wangu akauliza kama siichukui. Nikamwambia aiache hapo hapo, watu wajue ukubwa wa likizo.