Kompyuta Inayofungwa Shukani

Umeshaanza kuangalia pembeni. Umeona jina la Juba, ukajifanya unajua kitakachofuata, mkono ukaanza kutafuta kitu kingine cha kusoma. Mwaka 2013, vita vilipoanza, ulifanya hivyo hivyo. Mwaka 2016 ukarudia, na ukiulizwa leo utasema hukuambiwa. Basi habari hii haina risasi hata moja. Ni habari ya gemu ya kompyuta iliyokataa kukimbia baada ya kuwekewa prosesa mpya. Na hiyo utaipa kisogo?

Kijana mwenyewe ni Majur, miaka ishirini, anakaa mtaa wa Lemon Gaba, Juba, na mama yake, Athok. Baada ya 2016 alikulia Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, na huko ndiko alikojifunza kuendesha magari ya mashindano kwenye skrini, kwa zamu za nusu saa, mpaka wenzake wakaacha kudai zamu zao ili wamtazame yeye. Alirudi Juba na kipaji hicho, basi. Mwezi wa pili timu moja ya Nairobi ikamwandikia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, angeendesha mizunguko thelathini kupitia mtandao, nao wangemwangalia. Akipita, anapewa kiti kwenye timu, chumba, na karatasi za kukaa Kenya yeye na mama yake. Jaribio ni moja, halirudiwi.

Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, alikuwa nayo nzuri, ila gemu ya timu ilikuwa nzito kuliko prosesa yake ya zamani. Aliyemtafutia mpya ni rafiki yake Isaac, fundi wa mtaa wa Juba Na Bari, aliyekulia kambini upande wa Uganda. Isaac aliileta kutoka Kampala, akaifunga mwenyewe kibandani kwake, akaijaribu kwa skrini yake hapo hapo. Picha tisini kwa sekunde. Gari lilikuwa linateleza barabarani bila kukwaruza hata kona moja. Wakagongana mikono, wakacheka kama watu waliookota kitu.

Majur alifika nyumbani jioni, akamkuta mama yake amekwisha kutandika shuka.

Maana nyumba ile ina desturi yake, na haikuletwa na kabila wala kanisa. Mwezi wa saba mwaka 2016 walikimbia na nguo walizovaa, wakakaa siku kumi na moja kwenye uwanja wa kanisa, na waliporudi walikuta hata mlango umeng'olewa, hata nyaya zimechomolewa ukutani. Tangu watoke Kakuma na kurudi tena Juba, kila jioni kabla jua halijazama, Athok huchomoa kebo zote za kompyuta, huzipangusa moja moja, huiviringisha mashine ndani ya shuka pamoja na vyeti na picha za marehemu mumewe, hupiga fundo, na kuuweka mzigo mlangoni. Asubuhi mwanawe akienda kazini kwenye duka la simu pale Hai Cinema, yeye huufungua mzigo na kuunganisha kila kitu, ili umeme ukija mchana na kijana akirudi, akute tayari. Hakufundishwa na mtu. Huingiza kebo ya skrini tundu hili, akajaribu lile, mpaka picha itokee. Ikitokea, kazi imekwisha. Hesabu nyumba ngapi Juba zina mzigo mlangoni, kama una ubavu wa kuhesabu.

Kesho yake Majur alirudi kutoka Hai Cinema mbio mbio, akaketi, akawasha. Picha kumi na tisa kwa sekunde. Gari lilikuwa linaruka kutoka hapa hadi pale kama chura, na akikata kona, kona imeshapita. Prosesa ya zamani, ile iliyodharauliwa, ilikuwa inampa arobaini.

Alianza kutafuta ugonjwa. Alidhani ni joto, akafungua ubavu wa boksi na kuelekeza feni ya mezani ndani. Joto halikuwepo. Alifuta programu zote na kuziweka upya, kwa mtandao wa simu unaokula bando kama moto. Alibadilisha nafasi za vijiti vya kumbukumbu. Isaac alipaka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akasasisha programu ya ubao mama, ule unaobeba prosesa. Kila mara kibandani mashine ilikimbia tisini, na kila mara siku ya pili Lemon Gaba ilikuwa imerudi kumi na tisa. Isaac alimwuliza kama kebo ya skrini iko mahali pake. Majur akajibu kwamba iko pale pale pa siku zote, na alisema hivyo kwa moyo safi. Isaac akaomba aje aione nyumbani. Hapo Majur alikataa, kwa sababu mama yake hapokei mgeni chumbani. Waliong'oa mlango wao 2016 waliongozwa na mtu aliyewahi kunywa chai mle ndani.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, Majur aliitua mashine juu ya meza ya Isaac mbele ya wateja wanne.

"Hapa unaweka nzuri," alisema, "nikigeuka unanipa mbovu. Nyinyi wa Kampala tunawajua."

Isaac aliweka bisibisi chini polepole. "Kampala gani? Mimi nimelala Kampala siku tatu tu. Mimi iko mtu ya kambi, kama wewe."

"Wa kambi hawaibiani."

Mteja mmoja alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. Isaac alilifunga boksi, akakaza skrubu zote, hata ile moja ambayo siku zote huachwa.

"Sikia, ndugu yangu. Jumamosi kuja cheza hapa. Mtandao iko, kiti iko. Ukishinda, enda na maneno yako."

"Sitaki kiti cha mwizi," Majur alijibu, akabeba mashine yake akaondoka.

Jumamosi saa nane alikuwa ameketi mbele ya skrini yake, mama yake amejibanza kwenye pembe, mikono mapajani. Mzunguko wa kwanza alijaribu kukata kona kwa kukisia, akiendesha barabara aliyoikumbuka badala ya ile iliyokuwa imeganda mbele yake. Akaweza. Wa pili akaweza. Wa nne alikumbatia ukuta. Kufikia wa kumi na moja alikuwa wa mwisho, na sauti ya mwanamke kutoka Nairobi, Caroline, msimamizi wa jaribio, ikaingia masikioni mwake kwa upole kabisa.

"Asante, Majur. Tumeona ya kutosha."

Jumapili mama alikwenda kanisani. Majur alifungua shuka kwa mikono yake, mara ya kwanza tangu prosesa iwekwe. Alikuwa ameazimia kuing'oa na kwenda kuitupa miguuni pa Isaac, ila alitaka kuiona mbovu mara moja zaidi, hasira isipoe. Akaunganisha. Kebo ya skrini aliisukuma kwenye tundu la chini, la kadi ya picha, kwa mazoea tu. Akawasha gemu.

Tisini na tatu.

Aliitoa kebo, akaipeleka tundu la juu, lile la ubao mama, la kwanza mkono unalolifikia. Picha ikatokea vizuri tu. Akawasha gemu. Kumi na tisa.

Prosesa ya zamani haikuwa na uwezo wa kutoa picha yenyewe, kwa hiyo tundu la juu lilikuwa giza siku zote, na mama yake alilazimika kushuka hadi la chini. Hii mpya inajua kutoa picha, kijipicha cha kuandikia barua, gari la mashindano inalishindwa. Mama aligusa la juu, akaona mwanga, akajua amemaliza. Kadi yenye nguvu ilikuwa imekaa chini bila kazi juma zima.

Alimpigia Isaac. Simu iliita mpaka ikakatika. Alimwandikia Caroline, akaeleza yote kwa adabu. Jibu lilikuja kabla ya misa kwisha: viti vimejaa, wanamtakia kila la heri.

Athok alirudi na kitabu chake cha nyimbo, akaona magari yanakimbia kwenye skrini.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Kwes, vizuri," alisema, akajipangusa jasho, akafurahi. "Ni vumbi, ya weledi, mwanangu. Mimi nilikuwa naipangusa kila siku."

Majur aliipunguza sauti ya magari. Hakumwambia habari ya tundu. Atamwambiaje?

"Mama, leo usiifunge. Iache mezani."

Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeomba kulala nje mvua ikinyesha.

"Na tukikimbia?"

Majur aliichomoa kebo mwenyewe, akampa.

Swali hilo halikuulizwa kwake. Uliulizwa wewe, na miaka yote hii umemwachia kijana wa miaka ishirini alibebe. Weka karatasi hii chini. Yupo mtu unayemjua mwenye kauli juu ya bunduki za mji ule: waziri, askofu, mjomba wako mwenye nyota begani. Nenda kwake sasa hivi, mwulize lini Athok ataiacha mashine mezani, na usitoke mlangoni kwake mpaka akutajie siku. Vaa viatu uende.