Uzito wa Tope

Mdogo wangu alikoroga tope kwa namba niliyomwandikia mimi. Naanza na hilo, watu wasije wakalitafuta kosa kwake.

Tope hilo humiminwa kwenye kisima kinachochimbwa, na uzito wake ndio unaoikalia gesi ya chini isipande. Mimi ni mwanajiolojia, niko mjini ghalani, nasoma mawe yanayoletwa kwenye masanduku. Yeye alikuwa mtamboni. Utani wetu ulikuwa huo huo: "Wewe ramba mawe, dada, mimi nikoroge uji." Na kweli naramba. Ulimi hutenganisha mchanga na udongo kabla ya jicho.

Asubuhi ile nilifungua masanduku ya kisima kipya. Mchanga uliogeuka jiwe, wa mdomo wa mto wa kale ulioishia kwenye bahari ya kina kifupi; chembe zilezile, vipande vya kombe vilevile kama vya kisima cha kwanza, ambacho tayari kilikuwa kikivunwa gesi. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimechora mstari mnyoofu kutoka kisima hadi kisima, nikasema matabaka ni yaleyale, na gesi yake imeshapungua nguvu kwa kuvunwa. Namba ya tope ilitoka kwenye mstari huo: gesi dhaifu, tope jepesi.

Mtunza ghala ndiye aliyeuliza. "Mbona safari hii masanduku mengi hivi? Ule mchanga wa kwanza si uliishia sanduku la tatu?"

Nilipima. Kule mita tatu, huku kumi na moja. Mchanga haunenepi bure: ardhi ya huku ilikuwa ikididimia wakati mto ukiendelea kuumwaga. Basi kati ya visima kuna ufa, na ufa huo umeyakata matabaka yote, hili la juu na lile la chini walilokuwa wakilichimbia siku hiyo. Gesi ya huku haikuwa imeguswa. Ilikuwa na nguvu zake zote.

Hapo ningepiga simu. Sikupiga. Kwenye mkutano wa mwezi uliopita niliwabishia watu kuhusu mstari ule mpaka wakafunga mdomo, na sasa niliona aibu kujikana. Nikapima tena. Nikalilowesha jiwe, nikalichungulia kwa lenzi, nikapima mara ya tatu. Saa nzima ilikwenda hivyo, na sitajisamehe hata dakika yake moja.

Mdogo wangu alipopokea simu, mashine zilikuwa zinanguruma. "Dada! Uji wako umekolea."

"Acheni kuchimba. Ongeza uzito. Namba yangu si sahihi."

"Usinitanie, bwana."

"Sikutanii. Nimekosea."

"Tumeshaingia kwenye mchanga, dada. Sasa hivi tu."

Kisha king'ora kikalia, nikamsikia akimwita mtu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Niliishikilia simu sikioni mpaka ikajikata yenyewe.

Walikufa watatu. Msimamizi wa mtambo alikuja msibani, mkono umefungwa bendeji. Mama akamuuliza kama mwanawe alizembea.

"Hapana, mama. Asubuhi ile nilimwambia tuliongezee tope uzito kidogo, roho yangu ilikuwa haitulii. Akakataa. Akasema namba imetoka kwa dada yake, na dada yake hakosei."

Mama akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Unaona alivyokuwa anakuamini?"

Nilikuwa bado sijamwambia.