Kondoo Hawachezi Ligi

Mimi ni kocha wa Skorvík. Anayetaka kuzeeka kabla ya siku zake aje nimwachie kazi hii bure, na filimbi juu.

Tunacheza ligi kuu ya Visiwa vya Faroe. Ligi kuu, nasema, msicheke. Golini ana­simama Heðin, ambaye ni seremala. Nyuma nina walimu wawili na fundi bomba. Mshambuliaji wangu Rógvi kila mwezi wa sita hupanda meli ya uvuvi, akaenda zake kaskazini kwenye barafu, akarudi mwezi wa nane amejaa mashavu kwa chakula cha melini, na siku hiyohiyo anataka kupangwa. Nikimwambia akimbie kwanza, ananiuliza, "Kocha, kwani nani mwingine anafunga magoli hapa?" Nampanga, maana hakuna.

Msimu huu ulianza vibaya tangu mechi ya kwanza. Upepo ulivuma hata kipa wetu akipiga mpira mbele, unapaa, unageuka, unatoka nyuma ya goli lake mwenyewe. Tuliwapa wapinzani kona tano za kujitakia. Mwezi wa tano Heðin hakuja kabisa kwa sababu binti yake alikuwa anapata kipaimara.

"Heðin, ibada inaisha saa sita. Mechi ni saa tisa!"

"Na wageni wangu niwaachie nani, Kocha? Wewe?"

Tukamweka fundi bomba golini, tukafungwa manne. Bomba anaziba vizuri, goli hawezi.

Hivyo ndivyo tulivyofika mwezi wa kumi, raundi ya mwisho, tukiwa wa pili kutoka chini. Chini yetu walikuwa Breiðanes, majirani zetu wa ng'ambo ya handaki la barabara, pointi moja nyuma. Na mechi ya mwisho ilikuwa sisi na wao, kwetu. Tukitoka sare, tumebaki. Wakitufunga, tunashuka sisi. Na kushuka safari hii hakukuwa kushuka tu. Halmashauri yetu ni moja, na ilikuwa imeshaamua: haiwezi kutunza viwanja viwili vya nyasi bandia kwa vijiji viwili ambavyo kimoja kikipiga chafya, kingine kinajibu. Timu itakayoshuka itavunjwa na wachezaji wake wataingia katika ile iliyobaki. Jina, rangi, wimbo, vyote basi.

Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa zito kuliko kwa yeyote. Nimeoa Skorvík, sikuzaliwa Skorvík. Nimeishi hapa miaka mingi, lakini sina shamba, sina kondoo hata mmoja mlimani, na penye mazungumzo ya maana huwa naambiwa nipishe njia. Timu ndiyo kitu pekee ambacho watu wa hapa wakikitaja, wananitaja na mimi. Timu ikifa, mimi ni mume wa Billa tu, basi.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Baba yake Billa, mzee Hanus, ndiye msimamizi wa mlima. Yeye ndiye anayetangaza siku ya kuwateremsha kondoo kabla ya baridi, na akishatangaza, kila nyumba yenye haki ya malisho hutoa mtu wa kupanda. Watu hujipanga mstari mmoja kukata mlima mzima, wakashuka nao pamoja wakiwasukuma kondoo hadi kwenye zizi la mawe. Mstari ukiwa na pengo, kondoo hupita hapohapo. Jumamosi mbili mfululizo ukungu ulikuwa umemzuia. Akaitangaza ya tatu. Ya tatu ndiyo siku ya mechi.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa jikoni anakata nyama kavu ya kondoo kwa kisu kidogo.

"Baba," nikamwambia, "wachezaji wangu tisa wamo katika mstari wako."

"Wanane. Rógvi hajui kupanda, tunampeleka tu asinung'unike."

"Mechi ni saa tisa mchana. Baba, tukifungwa timu inakufa!"

"Tunaanza alfajiri. Saa nne tumemaliza."

"Na ukungu ukija?"

"Ukija, umekuja."

"Si ungewateremsha Jumapili?"

Aliacha kukata nyama, akaniangalia kama nimetukana kanisani. Jumapili hakuna anayegusa kondoo Skorvík. Nikasema basi Jumatatu. Akasema Jumatatu upepo unageuka, mlima utafungwa wiki nzima. Nikasema ligi haiwezi kuhamisha mechi, raundi ya mwisho inachezwa wakati mmoja nchi nzima.

"Mkwe," akasema, tena kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi, "wewe huna ukwato hata mmoja kule juu. Hili huwezi kulielewa. Kula nyama."

Nikala nyama, nitafanyaje? Mkwe ni mkwe.

Jumamosi walipanda gizani. Mimi nikabaki uwanjani nikipuliza mipira na kutandika jezi. Saa nne ikafika, sikuona mtu. Saa tano ukungu ukateremka ukafunika nusu ya juu ya mlima, na kutoka humo ndani nikawa nasikia mbwa wakibweka na watu wakiitana. Saa sita, bado. Nilizunguka ule uwanja nikisema maneno ambayo Billa hataki niyaseme mbele ya wajukuu. Sheria inajulikana: timu isipokuwa uwanjani saa tisa, imefungwa tatu bila. Tungeshushwa daraja na kondoo!

Saa saba kasorobo basi la Breiðanes likaingia. Walikuja mapema ili wapashe misuli kwa raha zao. Wa kwanza kushuka ni nahodha wao, Eyðun, jitu la kazi, beki mzuri kuliko wote katika visiwa hivi na mwenye mdomo kuliko wote.

"Ee, Kocha! Leo unacheza peke yako? Nafuu, labda utafunga."

"Wako juu," nikasema, nikaonyesha.

Akacheka. Halafu akageuza sikio kule mlimani. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo upande wa mashariki, na pale penye mwanya tukawaona kondoo. Walikuwa wamepita mstari. Kundi zima lilikuwa linatiririka kuelekea kwenye genge, pale mlima unapokatika, na nyuma yao watu wachache wadogo wakikimbia, wakianguka, wakiinuka. Kule kwenye genge hakuna kuteleza mara mbili. Chini ni bahari.

Eyðun alikuwa ameshavua koti.

"Mnahitaji watu?" akaniuliza.

Kocha wao, Magni, mtu wa mjini wa viatu vya kung'aa, akaruka kutoka ndani ya basi. "Eyðun! Rudi ndani! Kaeni mnywe kahawa! Wasipofika saa tisa tumeshinda, hujui kuhesabu?"

"Najua," Eyðun akasema. Bado alikuwa ananitazama mimi. "Kocha. Mnahitaji watu?"

Niseme kweli. Kondoo sikuwafikiria. Nilifikiria kwamba wakipanda, watu wangu watashuka kwa wakati, na wao watachoka vilevile. Hesabu hiyo ilipita kichwani mwangu haraka kuliko ninavyoisimulia.

"Ndiyo," nikasema. "Tena upesi!"

Wakapanda wote, kumi na wanane, wengine na jezi zao za rangi ya machungwa. Magni aliwapigia kelele mpaka sauti ikamkauka. "Hao kondoo ni wa nani? Ni wenu? Mimi nauliza, ni wenu?" Mmoja wao akamjibu bila kugeuka, "Kondoo hawachezi ligi, Kocha!"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata chai hawakunywa.

Tukabaki makocha wawili kwenye benchi moja, tumekunja mikono. Mwishowe Magni akasema, "Mwezi wa saba nilimkosa kipa wangu mechi tatu. Unajua alikuwa wapi? Anakata majani ya kondoo."

"Wangu, mwezi wa tano. Kipaimara."

"Afadhali kipaimara. Kipaimara ni mara moja. Majani yanaota kila mwaka!"

Siku nzima yule ndiye mtu pekee aliyenielewa, na alikuwa adui yangu.

Wakati huo kule juu ule mstari wa machungwa ulikuwa umepita chini ya kundi, ukingoni kabisa mwa genge, mahali ambapo mimi nisingepita hata kwa kulipwa. Wakaweka miili yao hapo. Kondoo wakasita, wakageuka. Zizi lilifungwa saa nane na nusu, na watu wakaanza kuingia uwanjani wakichechemea, matope hadi kiunoni, wangu na wao wamechanganyika, wakicheka. Wakicheka! Wa mwisho alikuwa Eyðun. Alikuwa amelibeba begani dume la mzee Hanus lililovunjika mguu, na alikuwa amelibeba tangu juu.

Mechi yenyewe ilikuwa aibu. Mpira ukitoka nje, watu wanagombea kwenda kuurusha ili wapate kusimama. Rógvi alipata nafasi mbili, zote akaanguka kabla hajapiga. Nilipiga kelele mpaka mwamuzi akaniambia nikae, na nilipokaa nikainuka tena. Bila kwa bila, na bila kwa bila ilikuwa yetu. Nilikuwa naihesabu saa kama mgonjwa anavyohesabu alfajiri.

Katika dakika za nyongeza fundi bomba akateleza. Mpira ukamwangukia Eyðun, yuko peke yake, hatua chache tu na goli, na Heðin amelala chini ameshika paja. Eyðun akavuta mguu kupiga, na ule mguu ukamkatalia. Msuli wa nyuma ya goti ulimkaza, nikaona hata kutoka kule nilikokuwa. Akakaa chini kama mtoto. Heðin akatambaa kwa viwiko akaukumbatia mpira, na mwamuzi akapuliza kipenga cha mwisho.

Nililia kwa furaha, sifichi. Nilimkumbatia Billa, nikawakumbatia watu ambao mwaka mzima walikuwa wananiambia nijiuzulu. Halafu nikaona watu wa Breiðanes wamekwenda kumwinua nahodha wao. Magni alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinamisha kichwa kati ya magoti.

Nilidhani wataondoka. Lakini siku ya kuteremsha kondoo, Skorvík ina desturi yake, na mzee Hanus haivunji kwa ajili ya mpira wa miguu: aliyesimama kwenye mstari anakaa mezani, ambaye hakusimama anahudumu. Supu ya kondoo na viazi iliandaliwa ukumbini mwa shule. Hanus mwenyewe alisimama mbele ya basi, akamwambia dereva azime injini. "Watu hawa wamepanda mlima wangu. Hawaondoki na njaa." Wakashuka.

Nami sikupanda. Billa akanivalisha aproni, akanipa upawa, akanisimamisha nyuma ya sufuria.

Wakaja mmoja mmoja na mabakuli. Niliwapakulia watu niliokuwa nimewazika nusu saa iliyopita, na kila mmoja akaniambia ahsante. Nilikuwa nangoja tusi. Tusi ningeliweza, matusi ndiyo mshahara wa kocha. Eyðun alipofika mbele yangu, nilishindwa kuvumilia.

"Wewe, kwa nini hukukaa kwenye basi?" nikamuuliza, kwa ukali hasa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Wangedondoka wale."

"Si kondoo wako!"

"Sasa nikae niwatazame?"

"Mngeshinda, Eyðun! Mngekunywa kahawa yenu mkashinda! Unajua kwamba nilipokwambia ndiyo, nilitaka mchoke?"

"Najua," akasema. "Nilikuona usoni." Akasogeza bakuli. "Weka nyama, Kocha, mbona unanipa viazi vitupu?"

Nikamwekea nyama. Nikajaza mpaka mchuzi ukamwagika mezani. Akachukua mkate, akageuka kuondoka, kisha akarudi nusu hatua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshanawa uso, lakini haikusaidia.

"Mazoezi yenu huwa siku gani?" akauliza. "Sisi yetu yalikuwa Jumatano."

Mwaka mzima nimewafokea watu kuhusu siku za mazoezi, na huyu anauliza mwenyewe.

"Jumanne," nikasema. "Na Alhamisi."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaenda akakaa na wenzake. Nyuma yake walikuwa bado wamesimama wanane wenye jezi za machungwa, kila mmoja na bakuli lake, wananingoja.