Mkate wa Daktari

Kitu cha kwanza kumharibikia daktari kilikuwa mkate. Juu ulikuwa umeiva vizuri. Ndani, pale kisu cha daktari kilipopita, unga mbichi ulivutika kama gundi. Mikate mingine ya jiko lile la hospitali, iliyotoka tanuri lile lile, ilikuwa imeiva hadi moyoni. Msaidizi wa jikoni, binti waliyemwita Kimya, akaleta mwingine. Daktari alipoushika, nao ukageuka mbichi.

Wiki moja ilikuwa imepita tangu Kimya amzike mwanawe.

Mkunga alikuwa amemhesabia mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kama inavyohesabiwa. "Ina wiki thelathini na sita, mwanangu. Hutimia ya thelathini na tisa. Bado tatu."

Daktari alilitazama tumbo tu. "Tumbo lote hili? Limetimia. Jumamosi nasafiri, nani atampasua?"

"Mapafu ya mtoto hayajui safari ya mtu," mkunga alisema.

Alipasuliwa Ijumaa. Mtoto alihangaika na pumzi hadi Jumapili, akachoka.

Tangu mkate ule, kila alichogusa daktari kilimjia kabla ya wakati wake. Chai ilipoa ikawa maji na majani. Maharage yalimkwaruza meno. Yai la kuchemsha lilimchuruzika hadi kiwikoni. Ndizi mbivu ilirudi kijani kiganjani mwake. Hata mashati yake yalitoka kwa dobi na povu.

"Kila mtu na nyota yake," alisema mpishi mkuu, akamtengea sahani pembeni isije ikaambukiza nyingine.

Daktari alikonda, koti likamning'inia kama limeanikwa. Kimya alimhudumia kwa adabu. Kila asubuhi alimchagulia mkate ulioiva kuliko yote, apate kuutazama ukiharibika.

Ijumaa nyingine ikafika.

"We binti, hamna kilichoiva humu? Nina mama wawili wa kupasua kabla sijasafiri."

"Wametimia hao?" mkunga aliuliza kutoka mlangoni.

"Wametosha."

Daktari akaisukuma sahani. Nje, kitanda cha mama wa kwanza kilikuwa tayari kinasukumwa, gurudumu moja likilia. Kimya akairudisha sahani mbele yake taratibu, akasema kwa sauti ambayo jiko lile halikuwahi kuisikia:

"Kula, daktari. Mwanangu naye alikuwa mbichi, ukasema ametimia."