Gunia Moja kwa Mwezi

Mimi ndiye niliyewafundisha kusema uongo. Nalisema mapema, maana Bunda watu wana midomo.

Mwaka jana alikuja binti mmoja, Esther, na kishikwambi chake, akapita kibanda kwa kibanda mtaani kwetu nyuma ya soko. Alitumwa na halmashauri kupima mtaa unauingizia mji nini: tunauza kiasi gani, mzigo tunautoa wapi, nani wanaishi kwa biashara zetu. Majina haandiki, alisema. Nikacheka kimoyomoyo. Miaka ishirini nauza dagaa, sijaona mtu wa maswali asiyefuatwa na mtu wa ushuru. Nikawaita wenzangu. "Akifika kwenu, lieni tu. Semeni siku nyingine tunalalaga njaa."

Wakalia vizuri kweli. Isipokuwa Wankyo, jirani yangu muuza unga wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Mjane huyu alikuwa anamsomesha mwanawe Clever uuguzi kwa unga huo huo, na alijivunia.

"Mimi natoaga gunia thelathini kwa mwezi," alimwambia Esther. "Muhogo nachukuliaga Mugeta, kwa kaya kumi na tisa. Halafu kuna watu wa mkokoteni, kuna..."

Nikamkanyaga mguu. "Huyu anakutania, mwanangu. Andika gunia moja."

Esther akanitazama. "Mama Burito, hizi takwimu ndizo zitaonyesha kama mtaa una faida."

Nikaona mtego ndio huo. Wankyo naye alinitazama. Mimi ndiye niliyempokea siku ya kwanza anafika mtaani, nikampa nusu ya kivuli changu. Aliniamini.

"Mficha uchi hazai, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Esther. "Haya. Moja."

Baada ya miezi miwili tukaitwa mkutanoni. Ofisa akasoma ripoti: vibanda sitini na viwili, mchango wake kwa mji mdogo mno, wafanyabiashara wenyewe wamethibitisha. Eneo litafaa zaidi kuegeshea malori.

Nikasimama. "Tulidanganya, mheshimiwa."

"Mama, mlidanganya lini? Siku ile au leo?"

Watu wakacheka. Wankyo hakucheka.

Vibanda vilivunjwa kabla ya Pasaka. Siku hizi dagaa nawatembeza kichwani, na shingo inaniuma, lakini hilo nimejitakia. Juzi nikamkuta Wankyo kandokando ya barabara ya Musoma, chini ya mti, kaweka vifuko vya unga juu ya kiroba. Watu wa Mugeta, aliniambia, muhogo wao unawaozea. Clever karudi nyumbani, anaponda kokoto.

Nikauliza swali la kijinga, lile la Esther: anauza kiasi gani sasa.

"Gunia moja kwa mwezi, dada," akasema, akanipisha kidogo kwenye kivuli chake.