Kitufe Kipya Kabla ya Futa

Kaka yangu haoni. Nalisema mapema nisije nikakuchanganya huko mbele. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mpaka macho yalipoanza kufifia akiwa na miaka thelathini na mbili. Baada ya miaka miwili yakazimika kabisa. Akaenda kujifunza kompyuta inayosema, akarudi, akaomba kazi pale pale ninapoendesha lori mimi, kwenye kampuni inayojaza mitungi ya oksijeni na kuisambaza hospitalini na kwenye zahanati. Akapewa kiti cha kupokea maagizo. Zahanati inapiga simu, yeye anaingiza agizo kwenye kompyuta, karatasi inatoka kwenye printa kule chini stoo, sisi tunapakia na kuondoka.

Kiti hicho amekikalia miaka tisa. Ofisini wanamwita Redio, maana vipokea sauti havimtoki masikioni. Siku moja nilivivaa nijue anasikia nini. Kompyuta ilikuwa ikimsomea kila kilichomo kwenye kioo, lakini kwa kasi ambayo mimi nilisikia kama mtu anakaanga bisi. Sikuambulia hata neno moja.

"Na hii unaielewa?" nikamuuliza.

"Wewe injini ikigonga unaelewaje?"

"Injini naijua."

"Basi."

Mwaka jana kampuni ilinunua mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa maandishi matupu, mbaya wa sura, lakini unasomeka. Huu mpya ulifunguka ndani ya kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, ila sharti kwanza upachike kidude kingine juu yake. Wataalamu wanakiita programu-jalizi. Sisi tulikiita kidude tu. Ukishakipachika, katikati ya ukurasa linatokea boksi, na mfumo mzima unaishi ndani ya boksi hilo, na rangi zake na vilori vidogo vinavyotembea. Meneja aliusifu siku nzima.

Kaka akaketi, akafungua. Kompyuta ikasoma jina la ukurasa, ikafika kwenye boksi, ikanyamaza. Akabonyeza hiki na kile. Kimya. Kwake yeye pale hapakuwa na kitu.

Si kwamba wengine walifurahi. Dada wa mapokezi ana macho mazima na bado alinung'unika wiki nzima. Herufi ni ndogo na huwezi kuzikuza. Ukibonyeza kurudi nyuma ukidhani unarudi hatua moja, unatupwa nje ya mfumo na yote uliyoandika yamekwenda. "Hiki kitu kinaniamrisha kama mama mkwe," alisema.

Lakini yeye alikuwa akinung'unika, kaka alikuwa akipoteza kazi. Meneja alimwita na kumwambia wazi kwamba mfumo wa zamani unazimwa baada ya wiki mbili. Kama mpaka siku hiyo hajaweza kuutumia mpya, kiti atapewa mtu mwingine na yeye atapumzishwa.

"Kupumzishwa nilishapumzishwa mara moja," kaka aliniambia. "Ile ya kwanza ilinitosha."

Jumapili akaniomba tuingie ofisini asubuhi, kukiwa hakuna mtu. Akavuta kiti changu karibu na chake. "Kazi yako ni moja. Niambie unachokiona. Usinisaidie."

Boksi halikusikiliza kibodi mpaka kwanza uliguse kwa kipanya. Akaniambia nikiweke kishale katikati ya boksi, kisha akachukua utepe wa gundi, akakibandika kipanya mezani kisisogee. "Sasa hii ni kengele ya mlango. Nabonyeza, nafunguliwa." Tukaingia. Yeye anabonyeza kitufe cha Tab, mimi natazama mstari wa njano umehamia wapi, namtajia. Mara tisa, umefika kwenye jina la mteja. Hapo huruhusiwi kuandika, lazima uteremke kwa mshale kwenye orodha, na orodha ina wateja sitini na watatu. Nikamsomea wote. Halafu aina ya mtungi, idadi, saa, dereva. Halafu kitufe cha Futa. Halafu Tuma. Ukiendelea unarudi juu kulekule ulikoanzia.

"Na kutoka ndani ya boksi?" akauliza.

Akabonyeza, nikatazama. Akabonyeza tena. "Hutoki," nikamwambia. "Unazunguka humo humo."

"Sawa. Endelea."

Mara moja nilisahau nafasi yangu. "Bwana, bonyeza mbili tu, si Tuma ile pale."

"Pale wapi?"

Tukarudia kuanzia juu.

Tulikaa pale kwa saa sita. Alasiri akasema sasa nimpime. Nikataja zahanati ya kando ya reli. "Arobaini na moja," akasema, na kidole kikaupiga mshale haraka hata sikuweza kuhesabu, na mstari wa njano ukasimama juu ya jina lile. Nikataja hospitali ya wazazi. "Kumi na tisa." Kituo cha macho. "Hamsini na nane, na hao hawajawahi kunihitaji," akasema kwa kejeli. Nikawataja wote sitini na watatu kwa kuwachanganya, kwa makusudi, nikitafuta pa kumkamata. Hakukosea hata mmoja.

Nimeendesha lori miaka ishirini, nimeona mafundi wa kila aina, sijaona kitu kama kile. Boksi lililokuwa bubu kwake alikuwa amelijenga upya kichwani, kila kitufe mahali pake, na anatembea humo kama mtu anayetoka chumbani kwake kwenda kunywa maji.

"Kaka, wewe si mtu wa kawaida."

"Mimi ni mtu aliyechoka. Funga dirisha twende."

Wiki mbili zilipotimia, meneja alisimama nyuma yake na saa mkononi. Kaka aliingiza maagizo kumi haraka kuliko dada wa mapokezi. Meneja akakuna kichwa, akaondoka. Kiti kikabaki kwa mwenyewe, na kila asubuhi kwa miezi mitatu printa ilitema karatasi kama kawaida.

Hadi Jumatano moja. Saa mbili na nusu niko uwanjani, lori tupu, mlango wa stoo wazi, na hakuna karatasi hata moja. Mwenye stoo akadhani printa imekwama, akaifungua, akaifunga. Nikapanda juu.

"Kaka, leo hakuna agizo?"

Akatoa kipokea sauti upande mmoja. "Nimeshatuma saba. Hospitali ya wazazi ni ya kwanza, wanataka kabla ya saa nne."

Nikatazama kioo. Orodha ya maagizo ilikuwa nyeupe. Kisha nikakiona. Chini ya jina la dereva, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, kuna kitufe cha kijani, kizuri, kimeandikwa Msaada.

"Kuna kitufe kipya."

"Wapi?"

"Kabla ya Futa."

Mikono yake ikatulia juu ya kibodi. Sikuhitaji kumweleza. Kila agizo, baada ya dereva, yeye anabonyeza Tab mara mbili kisha anathibitisha. Jana mbili ilikuwa Tuma. Leo mbili ni Futa. Asubuhi nzima alikuwa akiandika agizo kamili na kulifuta kwa mkono wake mwenyewe, na boksi halikumuuliza kama ana hakika, halikutoa hata mlio.

Nikasema tuwapigie wateja wote sitini na watatu, tuanze upya. Hata nani alipiga, sisi hatujui.

"Chukua kalamu," akasema.

Akaanza kusema. Hospitali ya wazazi, mikubwa sita, midogo miwili, kabla ya saa nne, aliyepiga ni muuguzi wa zamu mwenye mafua. Zahanati ya kando ya reli, midogo mitatu, namba ya simu hii, wanarudisha mitungi mitatu mitupu na mmoja una valvu mbovu. Hakusita popote. Nilikuwa naandika nyuma yake kama mtu anayekimbilia gari. Meneja akaingia katikati ya agizo la nne, akasimama mlangoni. Kaka alipomaliza la saba, meneja akaichukua karatasi, akawapigia simu wateja wote mmoja mmoja. Saba kati ya saba. Hata valvu.

Nilipakia, nikaifikisha mitungi ya wazazi saa nne kasoro dakika kumi.

Niliporudi, meneja alikuwa bado pale, na sauti ya mtu asiyependa anachosema. "Leo umekumbuka, Redio. Kuna siku hutakumbuka, na siku hiyo ni pumzi ya mtu. Nimeshaongea na mtu mwingine. Anaanza Jumatatu."

"Bosi, kesho pia nitakumbuka," kaka akasema. "Ila mimi sitaki kukumbuka. Nataka kusikia. Aliyetengeneza hiki kidude yuko wapi?"

"Kwa nini?"

"Aje akalie kiti changu kabla hujampa mtu."

Meneja angeweza kukataa. Nadhani ile karatasi ya maagizo saba ilikuwa bado mfukoni mwake.

Alhamisi akaja dada mmoja mwenye begi mgongoni, mpole, na daftari lake. Alidhani amekuja kumfundisha kaka. Kaka akampisha kwenye kiti, akamvisha vipokea sauti, akazima kioo kikawa cheusi.

"Agizo dogo tu, dada. Mitungi minne midogo, hospitali ya wazazi, saa nne."

"Lakini huu mfumo nimeutengeneza mimi."

"Ndiyo maana nimekupa dogo."

Akacheka kidogo, akaanza. Akabonyeza kipanya. Akabonyeza Tab, akasikiliza. Akabonyeza tena. Niliona bega lake moja likipanda, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Dakika tano. Dakika kumi. Kimya kile nilikijua, lakini sikuwahi kukiona usoni mwa mtu.

"Natokaje humu?" akauliza mwisho.

"Hutoki. Unazunguka humo humo."

Akavua vipokea sauti taratibu, akaendelea kukitazama kioo cheusi. "Umefanya kazi hivi muda gani?"

"Miezi mitatu na siku nne."

"Maagizo mangapi kwa siku?"

"Thelathini. Ijumaa yanafika arobaini."

"Haiwezekani."

"Inawezekana," nikadakia. "Mimi nimemwona. Ana wateja sitini na watatu kichwani, kwa namba."

"Wewe nyamaza," kaka akaniambia, bila ukali. Kisha kwa yule dada, "Huyu mdogo wangu kazi yake kunishangaa. Sikuja hapa kushangaza watu. Nataka nikisikie kitufe kabla sijakibonyeza. Na kikihamishwa, niambiwe. Hata mtoto akihama darasa anaambiwa."

Dada akafungua daftari, asiandike. "Kile cha kijani tulikiweka ili kuwasaidia watumiaji," akasema polepole.

Hapo kaka alicheka, kicheko cha kweli, mpaka meneja naye akageukia dirishani akijifanya anakohoa.

Yule dada hakuondoka jioni ile kama ilivyopangwa. Alikaa nyuma ya kaka saa nzima akitazama vidole tu. Ijumaa asubuhi nilimkuta keshafika, macho mekundu, anapiga kibodi. Alikuwa ameitoa fomu ya agizo nje ya boksi. Boksi lilibaki na rangi zake kwa anayetaka kutazama vilori vikitembea, lakini agizo sasa liko kwenye ukurasa wa kawaida wa maandishi.

"Jaribu," akasema.

Kaka akabonyeza Tab mara moja. Uso wake ukabadilika. Nilimzoea akiwa amekunja kipaji cha uso, sikujua kwamba kile kipaji kilikuwa kimekunjwa miezi mitatu mfululizo mpaka kilipokunjuka. Akachomoa waya wa vipokea sauti ili wote tusikie, akaipunguza kasi ile sauti ikawa ya binadamu.

"Jina la mteja," ikasema kompyuta. "Andika."

Akaandika herufi tatu, ikamtajia hospitali ya wazazi. Ikamtajia aina ya mtungi. Ikamtajia idadi. Kila alipogusa, kitu kilijitaja. Dada wa mapokezi na meneja walikuwa wameacha meza zao na kuja kusimama na sisi. Watu wazima watano tukasikiliza majina ya vitufe.

Alipofika kwenye Futa, hakuendelea mbele. Akathibitisha pale pale, kwa makusudi.

"Agizo hili halijatumwa," ikasema sauti. "Una hakika unataka kulifuta?"

Kaka akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Imeniuliza," akasema.

Mimi nilidhani nilishaona jambo kubwa siku ile ya majina sitini na matatu. Hili lilikuwa kubwa zaidi, na lilikuwa swali la maneno machache tu. Mashine yote ile, na vilori vyake, ilikuwa imesimama inamsubiri kaka yangu aseme anataka nini.

Akabonyeza Hapana. Agizo likabaki pale pale. Akalituma.

Meneja akatoa simu mfukoni, akapiga mbele yetu. "Samahani ndugu, ile ya Jumatatu. Hapana, usije. Kiti kina mtu."

Simu ya mezani ilikuwa imeanza kuita. Kaka akarudisha waya mahali pake, akatuonyesha mkono tupungue pale, akapokea.

"Oksijeni, habari za asubuhi. Ndiyo, nakusikia. Mingapi?"