Mbonyeo wa Upande wa Kulia

Fundi wa meno bandia alikuwa na miaka arobaini na tisa, mke mmoja, na magari thelathini na saba, yote yakiwa yamepangwa juu ya kabati la vyombo. Mchana aliunda meno. Jioni aliunda magari ya plastiki, kila moja dogo mara ishirini na nne kuliko gari lenyewe. Wenzake wa chama cha waunda magari madogo, watu wazima sita wenye kazi zao na akili zao timamu, walimpa jina la Milimita, na usidhani walikuwa wanamsifu. Alikuwa mtu wa kushika gari ulilohangaika nalo miezi minne, akaligeuza mara mbili, akakwambia usukani wake umezidi unene. Na akakwambia mbele ya mkeo.

Siku moja baba yake alimpigia simu.

"Nataka gari langu," Mzee akasema.

"Gari gani, Baba?"

"Unajua gari gani."

Alijua. Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, na sasa presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu. "Hata kwenye picha silioni tena," alisema. "Nitengenezee hilo dogo, nilishike. Mikono yangu bado mizima. Kaka yako anakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Lilete siku hiyo." Akakata. Hakuwa mtu wa kuaga kwenye simu.

Mtoto mwingine angefurahi kuombwa kitu kama hicho na mzazi wake. Milimita hakufurahi, na sababu nitaisema sasa hivi, maana mimi sina tabia ya kukalia mambo kama yeye.

Gari la Mzee lilikuwa la rangi ya krimu, milango minne, buti refu. Mzee alilipenda kwa namna ambayo mama yao, enzi za uhai wake, aliiona haina adabu. Sasa siku moja adhuhuri, Mzee amelala usingizi wa mchana, Milimita wakati huo ana miaka kumi na sita, akachukua funguo mezani, akawasha, akaweka rivasi, akaenda kuligonga gari kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo. Akalirudisha mahali pake. Akarudisha funguo mezani. Mzee alipoamka na kuona, hakuuliza nani. Kaka mtu, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa na wiki tatu anaomba kufundishwa kuendesha. Ya nini kuuliza?

Kaka akasema, "Si mimi." Akapigwa kofi la gari. Akasema tena, "Si mimi, Baba." Akapigwa kofi la uongo. Mzee akatangaza kwamba kijana huyo hatagusa usukani wa gari lake maisha yake yote, na kwamba mbonyeo hautanyooshwa, ubaki hivyo hivyo, mwenyewe auone kila siku. Ukabaki miaka kumi na moja, mpaka gari lilipouzwa.

Na Milimita? Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Aliyanywa yote.

Mwaka uliofuata alifundishwa kuendesha yeye, kwa gari lile lile, kwa kuwa alikuwa mtoto mwangalifu. Kaka yake hakugusa usukani wa baba, wala wa mtu mwingine yeyote. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili, mkuu wa maktaba, mtu wa heshima zake, na kila anakokwenda anapelekwa. Nyumbani walimwita Abiria. Hata mabinti wa Milimita walimwita Baba Mkubwa Abiria, naye aliitika. Milimita kila aliposikia jina hilo alitafuta kitu cha kuokota chini.

Basi, gari likaanza kuundwa. Dukani hapakuwa na gari lile hasa. Alinunua boksi la vipande vya gari la jamii ile ile, toleo lililotoka kiwandani miaka miwili baadaye, akaanza kulirudisha nyuma. Alikata buti kwa msumeno mwembamba, akaliongeza milimita tatu, akapaka puti, akapiga msasa, akapaka tena. Taa za mbele alizimimina kwa plastiki angavu ya kazini. Antena ilikuwa waya wa kunyooshea meno. Kwa nikeli ya bampa alibandika karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, na kwa kuwa havuti, ilibidi aombe kwa mlinzi wa kliniki, ambaye alimwangalia kwa huruma. Kiti cha dereva alikididimiza kidogo, kwa sababu Mzee enzi zile alikuwa mnene. Pedali ya klachi aliichakaza upande mmoja. Nani angeiona pedali ya klachi, Mungu ndiye anayejua.

Picha alikuwa nazo tatu, na zote zilipigwa kwa mbele. Kila Mzee alipoona kamera alilifichia gari aibu yake. Kwa hiyo nyuma ya gari ilibaki kichwani mwa Milimita, na pale kichwani haikuwa imefifia hata kidogo.

Alilimaliza likiwa laini, bila mbonyeo. Akaliweka juu ya kabati. Mke wake akalisifu.

"Zuri mno. Mbona umenuna?"

"Bado."

"Bado nini tena? Hata vumbi umeweka!"

"Nyuma palibonyea."

"Si uache! Zawadi ya baba yako, umkumbushe ugomvi wake na shemeji ya nini?" Mke alikuwa anaijua hadithi kama ukoo mzima ulivyoijua, yaani kwa uongo.

Aliliacha wiki nzima. Kila akipita aliona gari la mtu mwingine. Lile buti laini lilimkera kuliko jino lililopandwa kinyume. Siku ya nane akachukua kifaa cha kazini chenye kichwa cha mviringo, akakipasha moto, akapima mara nne, akabonyeza.

Hapo akakata kauli: akilifikisha, atasema. Alijijua vizuri. Akilikabidhi gari lile huku amefunga mdomo, hatakuja kuufungua tena, na kaka yake atazikwa na kosa lisilo lake. Akafanya mazoezi kazini, mbele ya taya kumi na mbili za plasta zilizopangwa kwenye rafu. "Baba, kaka, nina neno." Taya zilimsikiliza kwa adabu. Kwa taya alisema bila kukwama.

Jumapili ikafika. Sebuleni kwa Mzee palikuwa na makochi yale yale, saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika sita, na Abiria ameshafika, ameletwa na jirani yake. Alikuwa anamsomea baba yao gazeti, kurasa za vifo kwanza, kama Mzee anavyotaka.

"Baba, kaka," Milimita akaanza, "nina..."

"Umelileta?" Mzee akauliza.

"Nimelileta."

"Lete basi, unangoja nini?"

Neno likarudi tumboni. Akatoa boksi, akaliweka gari kwenye viganja vya baba yake, akajiambia: akimaliza kuligusa, nitasema.

Mzee alianza na boneti. Vidole vyake vilikwenda polepole, vikashuka kwenye taa, vikapanda kioo, vikagusa antena na kuiachia haraka isivunjike. Akaingiza ncha ya kidole kidogo dirishani.

"Kiti kimedidimia."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuwa na mwili mimi." Akacheka, kisha mashavu yake yakalowa, naye hakujisumbua kuyafuta. "Ndilo. Ndilo lenyewe. Umeniletea gari langu, mwanangu."

Milimita moyo ulimjaa. Kwa dakika nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliomo mtaani mle. Akaona si vizuri kuharibu dakika kama ile. Akaona aseme kesho, kwa simu. Unaona alivyo?

Vidole vya Mzee vikafika nyuma, vikapita kwenye buti, vikateremka kulia, vikasimama.

"Aha. Na huu umeuweka." Akaugusa tena. "Ila hapa umekosea. Ulikuwa kushoto."

"Kulia, Baba," Milimita akasema kwa upole.

"Kushoto. Gari langu nalijua."

"Ulikuwa kulia, nyuma ya tairi."

"Mimi nimepima ardhi ya watu miaka thelathini na minne. Utanifundisha kulia na kushoto? Kushoto!"

Abiria akakunja gazeti. "We naye, hamisha kushoto yaishe. Si mimi niliyegonga? Basi niligonga kushoto."

Sasa hapo, jamani. Mtu mwingine angenyamaza. Kwanza siri yake ilikuwa salama, pili mwenye kusingiziwa mwenyewe ameshasema yaishe. Lakini kuna watu ukiwaambia ni wezi watakusamehe, ukiwaambia vipimo vyao vina kasoro hawakusamehi. Milimita masikio yalimwaka.

"Hauwezi kuwa kushoto! Kushoto kulikuwa na mapipa ya maji, na ndiyo niliyokuwa nayaangalia kwenye kioo nisiyaguse! Nguzo ilikuwa kulia. Iliingia juu ya bampa, nikasikia mlio, nikashuka, nikapima kwa mkono wangu huu. Shubiri moja na vidole viwili! Kulia!"

Akasimama katikati ya sebule na shubiri yake hewani.

Mzee aliliweka gari mapajani, taratibu. Abiria aliuangalia ule mkono, kisha akamwangalia mwenye mkono.

"Ulishuka ukapima," Abiria akasema.

"Ndiyo."

"Kisha ukaingia ndani, ukanywa maji."

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuona unakunywa. Miaka thelathini na tatu najiuliza ni nani, jirani au mpita njia, hata marehemu mama nimewahi kumshuku. Wewe sikukufikiria. Ulikuwa mwangalifu sana." Sauti yake ilikuwa ya maktabani kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Milimita. "Kwa nini hukusema?"

Yale maneno yote aliyoyasema mbele ya taya za plasta hayakuja hata moja.

"Niliogopa," akasema. "Kisha nikazoea."

Abiria akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitabu kilichochelewa kurudishwa, kurasa zake zimechanika. Milimita akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa kamasi, na hakuna aliyempa kitambaa.

"Ulisema si wewe," Mzee akasema, uso ameuelekeza kwa mwanawe mkubwa.

"Nilisema."

"Nikakupiga."

"Mara mbili, Baba."

"La pili lilikuwa la uongo."

"Ndiyo. Ulisema hivyo wakati unapiga."

Kidevu kilimcheza Mzee. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Sikukuuliza. Nilimpiga mtoto wangu bila kumuuliza." Kisha akanyoosha mkono upande ambako kamasi zilikuwa zinavutwa. Milimita akasogeza shavu, akafumba macho. Aliona kofi ni haki yake.

"Funguo," Mzee akasema.

"Nini, Baba?"

"Funguo za gari lako. Lete." Akazipokea, akainuka kwa kushikilia kochi, akaliacha gari dogo juu ya mto. "Wewe mkubwa, nishike mkono. Twende nikakufundishe."

"Baba, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Najua. Aliyechelewa ni mimi."

"Na huoni."

"Wewe si unaona? Mimi nitasema."

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa shule, na Jumapili haukuwa na mtu. Milimita alilipeleka gari hadi pale, akashuka, akaenda kusimama karibu na goli bila kuambiwa. Kutoka hapo alisikia sauti ya baba yake ikitoka dirishani, ile ya zamani, ila taratibu zaidi: klachi mpaka chini, gia ya kwanza, iachie kidogo, kidogo, usiiogope. Gari likaruka, likazima. Likawashwa. Likaruka, likazima. Gia zikalia mpaka Milimita akahisi meno yake yanalegea, naye akauma mdomo, akanyamaza. Mara ya saba likaenda. Likakata uwanja mzima kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, likageuka kwenye kona ya mbali, na liliporudi aliuona uso wa kaka yake nyuma ya kioo. Ulikuwa umelowa, mdomo wazi, unacheka.

Gari likasimama mbele yake kwa kishindo. Abiria akashusha kioo, akapata kazi kidogo kujua kitufe ni kipi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, kaka."

"Na usinipigie simu kuniuliza. Nikikusamehe nitakuja kwako kukwambia mwenyewe." Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Nitakuja naendesha."

Akaachia klachi haraka mno, gari likazima, na Mzee akamwambia aanze tena.